Mali Kauli

Fomu ya Mombasa ina kurasa nne.
Inataka jina la gereji, pini ya kodi, barua ya benki,
na jina la mtu atakayelia nami nikishindwa kulipa.
Hapo nimepaacha wazi.
Siku sitini za mkopo, alisema kijana aliyeileta,
viatu vyake vimechongoka kama bisibisi;
akaniachia kalenda ya ukutani na kalamu tatu.

Mimi ni Mbodze. Nashika daftari la gereji ya Kitsao,
Maweni, nyuma ya kinu cha mahindi.
Injini sijui kuifungua. Ninachojua
ni nani kaleta gari, nani kaondoka nalo,
nani bado aniambia "mwisho wa mwezi",
na miezi ya Malindi, kwa watu hao,
ina tarehe arobaini na tisa.

Kitsao hupima spea kwa ulimi.
Haki ya Mungu, hulamba beringi!
Asema chuma cha uongo kina chumvi
ambayo si ya bahari yetu.
Mimi nimenunua mizani ya kupimia unga,
nikaweka pedi za breki za tuktuk:
za Mombasa, gramu mia na ishirini;
za yule wa Barani anayeuza nusu bei, tisini na nne.
Boksi lile lile, nembo ile ile,
hata kikaratasi kinachong'aa ni kile kile.

Gramu ishirini na sita zimekwenda wapi?
Muulize Chengo,
aliyeshuka na tuktuk hadi kwenye vitunguu vya watu sokoni:
alifunga breki,
breki ikafunga macho.
Hakufa mtu. Vitunguu tulilipa sisi, gunia na nusu,
na katika daftari, safu ya spea, mstari wa kumi na mbili,
kwa mkono wangu mwenyewe, pameandikwa: vitunguu.

Basi yule wa Barani tumemalizana.
Amebaki wa Mombasa na fomu yake,
na Mustansir, mlango mmoja tu karibu na stendi ya zamani,
feni yake yalalamika kuliko wateja.
Hacheki. Hana kalenda.
Kila kitu kwake kimezidi shilingi mia mbili,
na mkopo wake ni siku kumi na nne,
ya kumi na tano anapiga simu kabla jogoo hajakohoa.

Jumatatu nilimwendea, nataka boljointi ya Probox.
Akashusha boksi, akalifungua,
akakigeuza kile chuma mbele ya taa,
akakirudisha.
"Sina."
"Na hiyo je?"
"Hii ninayo. Ya kukuuzia wewe, sina.
Njoo Alhamisi."

Nilirudi mikono mitupu, Kitsao akaning'akia:
gari liko juu ya mawe,
mwalimu Kalume ana harusi ya nduguye Marafa!
Nikanyamaza. Nikaketi na fomu.

Siku sitini.
Deni la siku sitini hukaa kwako kama mgeni mpole,
lasifu hata mchuzi.
Siku ya sitini na moja laota ndevu.

Mali kauli:
neno hilo nimelitamka miaka kumi na mmoja
na masikio yangu yako kwingine.
Mali ni yake, kauli ni yangu,
hivyo ndivyo nilivyodhani.
Kumbe mwenye mali naye ana kauli,
na ya huyu ilikuwa neno moja,
nalo lilimnyima shilingi elfu mbili na mia nane.

Filta za oili bado nitazitoa Mombasa, kwa taslimu.
Sina ugomvi na mtu.

Fomu nimeigeuza. Mgongoni ni nyeupe, kurasa nne nzima,
karatasi nzuri, nzito.
Naandika oda ya Alhamisi:
boljointi, mbili. Pedi za tuktuk, seti sita.
Bushi za...
Kalamu ya Mombasa imekataa. Ya pili pia.
Nimechukua penseli.